Kitasa cha Mkanda

Kompyuta ilisema: hakuna kifaa.
Nami nakiona, kipo mezani:
kamera ya marehemu, kijivu,
mlango wake wa mkanda umebanwa
kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kazi ya mkono wake.

Nikachomoa waya, nikapuliza tundu,
nikachomeka tena kama mtu abishaye hodi mara ya pili
huku amesikia vikombe vikigongana ndani.

Kumbe swichi ilikuwa upande wa kupiga.
Nikaisogeza upande wa kucheza. Ikaitika.
Nikaanza kuishushia kazi yangu:
arusi ya Hadia, Bombo, dakika thelathini na mbili
nilizozichambua kwa usiku tisa
kutoka katika saa nzima ya watu kutafuta viti.
Mama hataki simu, hataki diski.
Anaijua kamera, na nyaya zake tatu,
njano, nyeupe, nyekundu, nyuma ya televisheni.
Basi lazima irudi kwenye mkanda.

Kisha Yaka ikaisha.
Nikanunua yuniti, nikabonyeza tarakimu ishirini za mita
gizani, nikakosea ya kumi na tisa.

Mara ya pili picha zikaruka.
Shangazi Mastura akainua mguu kucheza doluka,
mguu haukushuka.
Nikafunga programu zote. Nikazima na redio,
ingawa redio haikuhusika.

Mara ya tatu kamera ikalia pii, pii,
na kialama chekundu kikapepesa kama jicho lenye mchanga.

Nikampigia Okwir, fundi wa Wandegeya.
“Imetoka wapi hiyo?”
Ulaya. Aliileta Mjomba Sebbi.
“Ndizo hizo! Huko kamera ikipokea picha
huhesabiwa mtambo mwingine, na ushuru wake mwingine.
Wakaziziba masikio kiwandani.
Inasema, haisikii.”
Nikacheka. Baba naye alikuwa hivyo.

Nikautoa mkanda, nikaupeperusha.
Mama alikuwa chini, anasuka kitabaka,
ukindu wa zambarau kati ya meno.
“Unafuta nini humo?”
Sifuti, Mama. Narudisha. Nimeisafisha.
“Umesafisha nini?”
Makelele. Mtu anakohoa karibu na kamera,
na mwanzoni anauliza kama imewaka.

Mkono wake ukasimama.

“Arusi nzima,” akasema, “umemwona baba yako wapi?”

Sikumwona. Yeye ndiye aliyeishika.

Akauchukua mkanda, akaugeuza,
akanionyesha kwa ncha ya sindano
kitasa ubavuni, kidogo kuliko punje ya mchele,
kimesukumwa upande wa kufunga.
“Nilikifunga siku ya arubaini.
Niliuliza jinsi ya kuuzuia usiandikwe tena,
wakanionyesha. Kamera yenu si kiziwi.
Mimi ndiye niliyeiambia isikubali.”

Usiku huo nilikwenda kuzitafuta
katika folda ya vilivyotupwa:
sekunde arobaini, vipande saba.
Kikohozi kikavu wakati wa kufunga ndoa.
Kingine juu ya sinia la kisra.
Pumzi, hasa. Pumzi ya mtu anayejizuia
asitikise picha.
Nikazirudisha moja moja pale zilipokuwa.

Okwir alikuwa na mkanda mmoja mtupu, wa mwisho,
akaniuzia kwa bei ya kuku wawili, akaniapia ni bei ya ndugu.
Kitasa wazi. Swichi mahali pake. Waya.
Kamera ikapokea bila neno,
masikio mazima kabisa.

Jumamosi tukachomeka zile nyaya tatu.
Skrini nyeusi, kwanza. Kisha sauti, karibu mno:
“Imewaka hii?”
“Imewaka, Baba Hadia,” Mama akajibu.

Kwenye mita yuniti zilibaki sifuri nukta tatu,
na arusi ina dakika thelathini na tatu.
Tukazima taa.